Fangasi yuleyule, sura nyingine: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita safu hii iligusia, kwa aya mbili tu, fangasi wa jamii ya hamira wanaoishi mwilini mwa binadamu, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotazamia. Nimechagua sita. Kila moja, kwa njia yake, inauliza jambo lilelile: kidudu kimoja kinawezaje kuwa na tabia mbili au tatu bila kuacha kuwa kilekile?

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maabara ya afya, niko Morogoro. Katika kitabu cha mikrobiolojia nimeona picha ya sahani ya kuoteshea vijidudu yenye makoloni meupe, yaani vilundo vya seli zilizoota pamoja, na ndani ya koloni moja kuna sehemu iliyochongoka kama kipande cha keki, yenye rangi ya waridi. Maelezo yanasema koloni lote ni Candida albicans aliyeanza na seli moja. Rafiki yangu anasema hiyo ni myutesheni, yaani badiliko la ajali katika DNA. Mwingine anasema fangasi huyu ni kinyonga. Nani yuko sahihi?

Marahaba, mwanangu. Cheo hicho nakurudishia: mimi si daktari bali mteknolojia wa maabara mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nikiwa nimeinamia sahani za aina hiyo. Rafiki yako wa kinyonga amekaribia zaidi, ingawa amekosea pale ambapo wengi hukosea.

Mwaka 1985 David Soll na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza kwamba Candida albicans hubadili sura ya makoloni yake mara nyingi mno, kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na ajali za kawaida za DNA. Mwaka 1987 wakaeleza hali mbili zilizo wazi katika aina moja iliyotoka kwa mgonjwa. Hali ya kwanza unaijua: koloni jeupe, la mviringo, lililobinuka na kung'aa. Hali ya pili ni koloni bapa, pana zaidi, lililofifia kama bati la zamani. Ile rangi ya waridi haitoki kwa fangasi mwenyewe. Ni floksini, rangi inayotiwa kwenye agari, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu, ambayo seli zilizofifia huinyonya na seli nyeupe huiacha. Kwa hiyo kipande chako cha keki ni ukoo. Seli moja ilivuka kwenda hali ya pili, na uzao wake wote ukaendelea hivyo kuelekea nje kadiri koloni lilivyopanuka. Ukichota kidogo kutoka kila upande na kutazama kwa hadubini, utadhani umechanganya viumbe wawili: seli nyeupe ni za duara kama hamira ya dukani, na zilizofifia ni ndefu kama punje za maharage, kubwa karibu mara mbili.

Sasa hiyo myutesheni. Katika mazingira ya kawaida ya maabara, seli nyeupe huvuka kwa kadiri ya mara moja katika migawanyiko 10,000, na zilizofifia nazo hurudi kuwa nyeupe. Ajali ya DNA haina mazoea ya kurudi ilikotoka namna hiyo. Herufi za DNA katika seli hizi mbili ni zilezile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimenyamaza. Jeni zinazohusika ni mamia, zikiwemo zile zinazoamua seli itakula nini, itanata wapi, na kinga ya mwili itaiona vipi.

Hapo mwanafunzi makini atauliza: kama DNA haikubadilika, mtoto anajuaje kwamba mama yake alikuwa wa hali gani? Jibu lilipatikana mwaka 2006, pale makundi ya watafiti yaliyokuwa yakifanya kazi kila moja kivyake yalipofikia protini ileile, Wor1. Kazi ya Wor1 ni kushika DNA mahali maalumu na kuwasha jeni za hali ya kufifia, na miongoni mwa jeni inazoziwasha imo ile inayotengeneza Wor1 yenyewe. Anayegandisha mtindi nyumbani ataelewa upesi. Huacha mtindi kidogo wa jana chini ya chombo, humimina maziwa mapya juu yake, na kesho maziwa hayo nayo ni mtindi, bila mtu kununua kianzio kingine. Seli iliyofifia ikigawanyika, kila upande huondoka na Wor1 ya kuanzia, nayo huagiza nyingine, na hali hiyo hurithiwa kizazi baada ya kizazi. Wor1 ikipungua chini ya kiasi fulani, mnyororo hukatika, na seli hurudi kuwa nyeupe.

Kuhusu kinyonga: kinyonga hulifikia jani kwanza, ndipo hubadilika. Fangasi huyu hufanya jambo la busara zaidi, kama naruhusiwa kuita busara kitu kisicho na kichwa. Katika kila kundi kubwa, wachache huvuka kabla ya haja yoyote kutokea. Ni kama mkulima wa Dodoma ambaye, kwa kuwa hajui mvua itakuwaje, hupanda mahindi lakini pembeni akatia mtama. Mvua ikiwa nzuri, mtama huo unaonekana kazi bure. Ikikatika, ndio unaolisha nyumba. Hata hivyo mazingira nayo husukuma mizani: joto la nyuzi 37 peke yake hurudisha seli zilizofifia kuwa nyeupe, ilhali hewa ya ukaa na sukari iitwayo N-asetiliglukosamini, ambazo zote zimo mwilini, huzisaidia kudumu. Kwa hiyo mpe rafiki yako nusu alama.

Faida ya kuvuka ni nini? Katika majaribio kwa panya, seli nyeupe zilistawi zaidi zilipoingizwa kwenye damu, na zilizofifia zilikaa vizuri zaidi juu ya ngozi. Kuna na jambo la uzazi. Kwa miongo mingi vitabu viliandika kwamba fangasi huyu hajamiiani kabisa. Mwaka 2002 Mathew Miller na Alexander Johnson, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, walionyesha kwamba hujamiiana, ila kwanza lazima avuke kwenda hali ya kufifia, ambayo katika kazi hiyo ina ufanisi wa takriban mara milioni moja kuliko hali nyeupe. Aina nyingi zinazotoka kwa wagonjwa hubeba jeni za pande zote mbili za jinsia, na protini za pande hizo zikishikana huizima Wor1. Ndiyo maana utaotesha sampuli za wodini miaka na miaka bila kuona kipande cha waridi. Usidhani pia kwamba hali ni mbili tu. Mwaka 2013 kundi la Suzanne Noble, pia la San Francisco, lilieleza hali nyingine iliyojitokeza fangasi alipopitishwa katika utumbo wa panya, hali inayomfaa kuishi humo kwa amani bila kumdhuru mwenyeji.

Ukiulizwa kwenye mtihani, andika hivi: mabadiliko ya kurithiwa, yanayorudi nyuma, yasiyobadili mfuatano wa DNA. Utapata alama zote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Tanga. Kila nikimaliza dozi ya antibayotiki za kifua naanza kuwashwa sehemu za siri. Daktari aliniambia fangasi huyu yumo mwilini mwangu siku zote. Kama yumo siku zote, kwa nini anakuwa mbaya ghafla?

Daktari wako alisema kweli, mama, na wala hauko peke yako: takriban wanawake 3 kati ya 4 hupata tatizo hili angalau mara moja maishani. Candida albicans huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema bila wao kujua. Anapoishi hivyo huwa mara nyingi katika umbo la vitufe vidogo vinavyochipua, hamira hasa. Anapodhuru, hurefuka.

Kurefuka huko tulikuwa tukikutazama kwa macho kila juma pale maabara. Unachukua mililita nusu ya seramu, yale majimaji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, unagusisha koloni kwa ncha ya kijiti, unakoroga ndani yake, kisha unaweka bomba kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya saa mbili hadi tatu unadondosha tone kwenye kioo. Vile vitufe vilivyoingia vikiwa vya duara sasa kila kimoja kimetoa mrija mwembamba ulionyooka, na mahali mrija unapotokea hapana kibonyeo, kana kwamba puto limevutwa ncha. Ukiona hivyo unaandika jina lake bila wasiwasi mkubwa, kwa kuwa karibu hamira nyingine zote zinazotoka kwa wagonjwa hubaki duara. Nimelifanya jaribio hilo mara zisizohesabika, na bado lilikuwa likinishangaza: asubuhi kidudu kinaonekana hakina lolote, kabla ya chai ya saa nne kimeota makucha.

Joto la mwili, seramu na hewa ya ukaa ni baadhi ya ishara zinazomwambia aote. Ndani ya seli ishara hizo huwasha kundi la jeni kwa pamoja. Nyingine hutengeneza protini za kunata, ambazo hushika seli za ngozi laini ya ukeni au mdomoni kama mbegu za kashata ya ufuta zinavyoshikana na sukari. Jeni moja, ECE1, ilijulikana kwa miaka mingi bila kazi yake kueleweka, mpaka mwaka 2016 watafiti wa London na Jena walipoonyesha kwamba hutoa sumu, kandidalisini, iliyoundwa kwa amino asidi 31 tu, ambayo hutoboa utando wa seli zetu. Mpaka hapo hatukuwa tunajua kwamba fangasi huyu ana sumu ya namna hiyo. Tangu mwaka 1997 ilikuwa imeshaonekana kwamba aliyeharibiwa jeni za kumwezesha kurefuka hakuweza kuwaua panya wa maabara, ila haikueleweka vizuri anakosa nini.

Kwa nini baada ya antibayotiki? Dawa hizo huua bakteria, haziui fangasi. Bakteria wanaoishi ukeni, hasa wale wa jamii ya laktobasili, hushindana naye kwa chakula na kwa nafasi, na baadhi ya vitu wanavyotoa humzuia asirefuke. Wakipungua, yeye huongezeka, na wanaorefuka wakifika wingi fulani, seli za mwili wako, zilizokuwa zikimvumilia, hupiga kengele. Sehemu kubwa ya muwasho na wekundu unaousikia ni chembe nyeupe za damu zikiitikia kengele hiyo, si fangasi peke yake. Kisukari na ujauzito navyo humfungulia njia.

Usijioshe ndani kwa sabuni wala kwa ndimu, maana unawaondoa walewale wanaokulinda. Ikitokea mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na sampuli ioteshwe. Safari nyingine ukiandikiwa antibayotiki, mweleze anayekuandikia jambo hili kabla hujatoka chumbani mwake.

Nafanya kazi famasi, Mwanza. Wateja wanarudi wakisema dawa ya fangasi, flukonazoli, "imezoea mwili". Je, mwili unazoea dawa, au ni fangasi anayezoea?

Mwili hauzoei, kaka. Lakini kabla hatujamlaumu fangasi, ondoa kwanza mambo mawili. Wengi wanaorudi hawana fangasi kabisa. Muwasho na uchafu ukeni vina sababu nyingine kadhaa, na bila kipimo mnabahatisha wote wawili. Wengine wana fangasi, ila si yule mnayemdhania: Candida krusei, kwa mfano, ana ukinzani wa kuzaliwa nao dhidi ya flukonazoli, hata umpe boksi zima.

Tukishayaondoa hayo, ndipo tufike kwa yule anayejirekebisha. Flukonazoli huzuia kimeng'enya ambacho fangasi hukitumia kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli yake. Kwa Candida albicans dawa hii kwa kawaida humzuia kukua, haimuui papo hapo, na hapo ndipo anapopata muda. Jibu lake la kwanza ni la haraka na la muda: akihisi ergosteroli inapungua, huongeza usomaji wa jeni ya kile kimeng'enya, ili kipatikane kingi kuliko dawa inavyoweza kukizuia. Jibu la pili ni pampu. Ana protini zinazokaa kwenye utando na kuitapika dawa nje. Kwa kawaida hufanya kazi kidogo, lakini kwa waliokinza, swichi yake imekwama upande wa kuwaka, na hapo kweli kuna myutesheni, katika protini inayoendesha swichi. Angalia tofauti na yale niliyomweleza mwanafunzi wa Morogoro: mle hali huja na kuondoka, humu mabadiliko yameandikwa kwenye DNA na yatabaki.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia. Candida albicans ana jozi 8 za kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba DNA. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi na Judith Berman, Minnesota, walichunguza aina zilizokinza flukonazoli wakakuta nyingi zina nakala za ziada za mkono mmoja wa kromosomu ya 5. Mkono huo umebeba jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na dawa, na pia jeni ya protini inayowasha pampu. Yaani kwa kurudufu kipande kimoja amejiongezea silaha zote mbili kwa mkupuo. Mzigo huo ni mzito kuubeba, na dawa ikiondolewa baadhi ya seli huutupa na kurudi kawaida.

Kwa upande wako wa kaunta: fangasi wa ukeni asiye na utata, tembe moja ya miligramu 150 ndiyo dozi kamili, kwa hiyo simlaumu kila anayenunua tembe moja. Ninaowaogopea ni wale wa fangasi wa koo na mdomo, ambao dozi yao ni ya siku nyingi, nao huacha siku ya tatu kwa kuwa chakula kimeanza kupita. Wenye meno ya bandia waulize kama wanayavua usiku na kuyasugua, maana fangasi hujenga utando mzito juu ya plastiki, na ndani ya utando huo dawa haimpati ipasavyo. Anayerudi mara ya pili usimwongezee tembe, mwelekeze maabara.

Baba yangu, mzee wa miaka 78, Mombasa, ana katheta, mpira wa kutolea mkojo, tangu operesheni ya tezi dume. Majibu ya mkojo yanasema Candida glabrata. Huyu naye hubadilika kama albicans?

Mpe mzee pole zangu. Glabrata ni jina la kuchanganya, kwa kuwa kwa ukoo yuko karibu zaidi na hamira ya mkate kuliko na albicans, na harefuki kuwa nyuzi kama yule. Njia yake ni nyingine. Amebeba jeni nyingi za protini za kunata, nyingi zikiwa karibu na ncha za kromosomu, mahali ambapo huwa zimenyamazishwa. Anayezinyamazisha ni protini iitwayo Sir2, nayo haiwezi kazi bila NAD, kemikali ndogo ya ndani ya seli, ambayo fangasi huyu hutengeneza kutokana na vitamini ya jamii ya niasini anayoikuta alipo, kwa kuwa hana uwezo wa kuiunda mwanzo hadi mwisho.

Mkojo una niasini kidogo sana. Kwa hiyo akifika kwenye kibofu NAD hupungua, Sir2 hulegea, jeni zilizokuwa kimya huamka, na yeye hunata kwenye ukuta wa kibofu. Kazi hii ilichapishwa mwaka 2005, ikifanywa kwa panya. Upungufu uleule ambao ungemdhoofisha ndio unaomwambia yuko wapi na afanye nini.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeshaulizwa: basi tumpe mzee vidonge vya vitamini? Hapana, jaribio la panya si dawa ya baba yako. Mwulize daktari wake kama katheta hiyo inaweza kuondolewa au kubadilishwa, kwa kuwa mara nyingi hilo hupunguza fangasi kwenye mkojo kuliko dawa yoyote, na mara nyingi mgonjwa asiye na dalili hahitaji dawa ya fangasi hata kidogo. Ikionekana anaihitaji, mkumbushe kwamba glabrata huitikia flukonazoli kwa uvivu.

Kaka yangu aliacha dawa za VVU, sasa amelazwa Mbeya kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Wanataka kumchoma mgongoni mara ya tatu. Ndugu wanasema kuchomwa huko ndiko kunakoua. Tukatae?

Msomaji huyu nilimpigia simu siku ileile barua iliponifikia, kwa sababu jambo hili halisubiri toleo. Naandika hapa kwa ajili ya wengine: msikatae.

Fangasi mwenyewe ni Cryptococcus neoformans, hamira anayeishi kwenye udongo, kwenye miti na hasa kwenye kinyesi cha njiwa, naye huingia kwa kuvutwa na pumzi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, lilimweka kundi la juu kabisa pamoja na Candida albicans. Huko nje huwa mdogo, mwenye koti jembamba. Ndani ya pafu hukuta hewa ya ukaa nyingi na madini ya chuma machache, na hizo ni ishara za kuwasha jeni za koti. Koti hilo, ambalo ni ute wa sukari, hunenepa mpaka likazidi seli yenyewe. Maabara tulikuwa tukichanganya tone la maji ya uti wa mgongo na tone la wino mweusi: wino hauwezi kupenya koti, hivyo katika uwanja mweusi kila seli huonekana kama taa iliyozungukwa na duara la mwanga. Seli nyingine pafuni huchagua njia ya ajabu zaidi, hurudufu DNA yao mara kadhaa bila kugawanyika na kuwa majitu mapana mara kumi kuliko kawaida, ambayo chembe nyeupe za damu haziwezi kuyameza.

Hapo ndipo linapoingia suala la sindano ya mgongo. Fangasi na ute wake huziba vinjia ambavyo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu. Maji yanaendelea kutengenezwa, pa kutokea hapana, shinikizo kichwani hupanda. Katika majaribio ya panya, fangasi waliobadilika kutoka makoloni laini kwenda makoloni ya uteute ndio waliopandisha shinikizo hilo zaidi. Maumivu makali ya kichwa, kuona viwili viwili na kuchanganyikiwa mara nyingi hutokana nalo, na shinikizo likizidi sentimita 25 za maji, kutoa maji kidogo kwa sindano humpa mgonjwa nafuu na huokoa macho na uhai wake. Hurudiwa kila siku ikibidi. Ndugu wanaona mtu amechomwa na baadaye amefariki, wanaunganisha mambo hayo mawili. Lakini waliochomwa ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Na ndugu yenu akipata nafuu msishangae madaktari wakimchelewesha kurudia dawa za VVU kwa wiki 4 hadi 6, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla fangasi akiwa bado mwingi, uvimbe kichwani huweza kuongezeka.

Ninauza maandazi, Zanzibar. Baada ya kusoma makala yenu nimeingia hofu: hamira ninayokandia inaweza kunigeukia?

Hamira yako ni Saccharomyces cerevisiae, na kweli ina mbinu za ukoo wake. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba ikinyimwa naitrojeni huacha umbo la duara, hurefuka, hushikana kama shanga na kuchimba ndani ya agari kutafuta chakula. Imewahi kuambukiza watu, lakini ni kwa nadra sana, na wengi wao walikuwa wagonjwa mahututi, mara nyingi waliowekewa mipira ya dawa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Mikono yako yenye unga haina cha kuogopa, na wateja wako pia: andazi likishaiva hadi ndani, hamira yote iliyokuwemo imekufa.